Maji baridi ya Mambrui: jibu kwa msomaji wa Langoni anayeuliza isimu ina kazi gani nje ya darasa

Swali:

"Assalamu alaikum Maalim. Mimi ni binti wa mtaa wa Langoni, Amu (Lamu). Mwaka jana nilimaliza shahada ya Kiswahili na isimu. Sasa nasaidia mradi mmoja wa utafiti wa uvuvi: nawahoji wavuvi wa Amu, Faza na Kizingitini, kisha najaza fomu kwa Kiingereza. Wenzangu kwenye mradi ni watu wa baiolojia na uchumi. Wananiheshimu, lakini kwao mimi ni mkalimani tu, na mmoja aliniambia wazi kwamba isimu ni ya kufundishia. Naomba unieleze isimu hutumikaje katika utafiti wa taaluma nyingine, na mtu kama mimi aanzie wapi. Je, ni lazima nikasome shahada ya pili ya uvuvi ndipo nisikilizwe?"

Jibu:

Waalaikumu salaam, mwanangu. Swali lako limenikumbusha kosa langu mwenyewe, nami nitaanza nalo kwa sababu ndani yake mna jibu karibu lote.

Nikiwa na umri kama wako niliajiriwa kunakili na kutafsiri mahojiano ya mradi wa maji hapa Malindi na kule Mambrui. Watu waliulizwa kuhusu visima vyao. Wengi, hasa kina mama, walisema kisima chao zamani kilikuwa na maji baridi na sasa hakina tena. Nikaandika, nikatafsiri neno kwa neno. Ripoti ilipotoka ilikuwa na jedwali zima kuhusu joto la maji, na pendekezo la kuviezekea visima visipigwe na jua. Wewe mtu wa Amu huhitaji kuelezwa: maji baridi kwetu ni kinyume cha maji ya chumvi. Kina mama wale walikuwa wanasema bahari inaingia kisimani. Walilisema wazi, kwa Kiswahili fasaha, sauti zao zikanaswa, na jambo lenyewe likapotea mikononi mwangu, mimi niliyekuwa mtu pekee wa lugha katika mradi ule. Maana niliijua. Nilichokuwa sijui ni kwamba kuisema maana hiyo ilikuwa kazi yangu. Nilidhani maneno ni yangu na maji ni ya wahandisi.

Tangu siku hiyo nimeshika jambo moja. Katika kila taaluma inayoshughulika na watu kuna hatua ambapo usemi wa mtu hugeuka kuwa data: mgonjwa anaeleza, daktari anaandika, mshtakiwa anasema, polisi anaandika, mvuvi anajibu, wewe unatia alama kwenye kisanduku. Hatua hiyo mara nyingi haina mwenyewe. Mtaalamu huiona ni ya karani, na karani huiona ni ya kupita haraka. Hapo ndipo mahali pa mwanaisimu, mtu anayeichunguza lugha kitaalamu, na wewe tayari umesimama hapo na fomu mkononi.

Basi tuifungue hiyo fomu. Bila shaka ina safu ya jina la samaki. Atakuja mtu kutoka Unguja au bara akuandikie "chewa". Mvuvi wa Amu atakutajia "tewa". Mtu asiyejua lahaja ataviweka katika mistari miwili, na mradi utapata samaki wawili pale alipo mmoja. Wewe unajua kwamba hili si suala la matamshi ya mtu mmoja mmoja. Ni kanuni: penye "ch" ya Kiswahili sanifu, mara nyingi Kiamu kina "t". Macho ni mato, chini ni tini, mchele ni mtele, mchanga ni mtanga. Penye "nj" tuna "nd": njia ni ndia, njoo ni ndoo. Jana ni yana, vitu ni zitu. Ukishaijua kanuni unaweza kuyapanga majina yote ya orodha kabla hujashuka chomboni. Kisha ukifika Kizingitini kanuni inageuka tena, kwa kuwa huko ni kwa Wabajuni, na mtu wao ni "mchu". Hakuna mtu wa baiolojia atakayeyaona hayo kwenye jedwali. Ataona tahajia mbovu tu.

Majina ya samaki ni sehemu nyepesi. Pagumu ni pale neno linapokata ulimwengu mahali tofauti na mtafiti anapoukata. Chukua mikoko ya Lamu, ambako kuna sehemu kubwa zaidi ya mikoko yote ya Kenya. Mtu wa misitu huihesabu kwa miti: mkoko, mkandaa, muia, mchu, mkomafi. Mkataji huihesabu kwa unene wa nguzo inayotoka: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Muulize mkataji "unakata aina gani?" naye atakujibu kwa dhati "boriti na mazio". Hajakwepa swali. "Aina" kwake ni kipimo, kwa sababu sokoni ndiyo bei. Anayeijua tofauti hiyo huuliza mara mbili, akapata taarifa mbili badala ya moja iliyovurugika.

Na wakati? Hapa nakuomba uwe mkali kabisa. Mvuvi akisema "tunatoka saa kumi", fomu ya Kiingereza itaandika kumi, na uvuvi wa alfajiri utageuka uvuvi wa saa nne asubuhi. Mzee akikwambia alipata nguru wengi "usiku wa Ijumaa", kwa hesabu yake siku huanza jua linapozama, kwa hiyo usiku huo ndio unaotangulia mchana wa Ijumaa. Mtu wa ofisini ataupeleka mbele siku nzima. Swali la "unavua siku ngapi kwa wiki?" nalo limeandikwa na mtu ambaye bahari yake ina Jumatatu. Mvuvi huhesabu kwa bamvua na maji mafu, na kwa kusi na kaskazi. Akilazimishwa kutaja siku za wiki atakupa tarakimu ili umalize uondoke. Hesabu zote za uchumi zitakazojengwa juu ya tarakimu hiyo zitakuwa zimesimama juu ya adabu yake kwa mgeni.

Haya si ya uvuvi peke yake. Katika afya mfano ninaoupenda ni wa homa na degedege. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo na kwingineko pwani ya Tanzania miaka ya 1990 waliona kwamba mama alimpeleka hospitali mtoto mwenye homa, lakini mwenye degedege alimpeleka kwanza kwa mganga. Kitabibu yote mawili yaweza kuwa malaria. Kwa wazazi yalikuwa maradhi mawili yenye asili mbili. Hata sisi kwetu degedege huitwa pia nyuni, yaani ndege, na jina hilo lina maelezo yake ya nini kimempata mtoto. Kampeni iliyosema "mtoto mwenye malaria aletwe haraka" haikuwa imemtaja mtoto wa degedege hata kidogo. Kilichotakiwa ni kujua mipaka ya neno, na hiyo ni kazi ya semantiki, elimu ya maana, ile uliyofundishwa ukadhani ni ya mtihani.

Kuna pia utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007 na John Heritage na wenzake. Madaktari wa familia 20 walifunzwa kuuliza swali moja la ziada baada ya mgonjwa kueleza shida yake, baadhi kwa umbo linaloelekea "kuna jambo lingine?", wengine kwa umbo la Kiingereza linaloegemea "hakuna jambo lingine, sivyo?". Tofauti ilikuwa neno moja dogo, "some" au "any". Umbo la kwanza lilipunguza kwa asilimia 78 shida ambazo wagonjwa walikuja nazo wakaondoka bila kuzisema. La pili halikusaidia kitu. Kiswahili hakina jozi ile ya maneno, kwa hiyo huwezi kuuhamisha utafiti huo kwa kutafsiri. Lakini tuna yetu. Keti katika zahanati yoyote utasikia "ni hayo tu?", na nionavyo mimi swali hilo limeshajijibu kabla mgonjwa hajafungua kinywa. Mtu angeweza kulipima, kwa "ni hayo tu?" upande mmoja na "na jambo gani jingine linakusumbua?" upande wa pili. Kilifi, mwendo mfupi kutoka hapa nilipo, kuna kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoanza mwaka 1989. Kazi kama hiyo haihitaji kwenda Ulaya.

Sasa nikupeleke mahali ambapo neno lina uzito wa shingo ya mtu. Mwaka 1953 Uingereza ilimnyonga kijana wa miaka 19, Derek Bentley, kwa mauaji ya polisi aliyepigwa risasi na mwenzake. Sehemu ya ushahidi ilikuwa maelezo ambayo polisi waliapa kwamba ni maneno yake mwenyewe, aliyoyasema mfululizo bila kuulizwa. Miaka mingi baadaye mwanaisimu Malcolm Coulthard aliyachunguza. Miongoni mwa aliyoyatazama ni neno moja dogo, lile lenye maana ya "kisha". Katika maelezo ya Bentley lilijitokeza mara moja katika kila maneno 58. Katika maelezo ya mashahidi wa kawaida, mara moja katika maneno 930. Katika maelezo yanayoandikwa na polisi, mara moja katika maneno 78. Tena lilikaa baada ya mtenda, "mimi kisha nika...", kama polisi wanavyoandika na kama kijana wa mtaani asivyosema. Ilikuwa dalili nzito kwamba mkono wa polisi ulikuwemo ndani ya sauti ya Bentley. Hukumu ilifutwa mwaka 1998. Kwa Bentley ilikuwa imechelewa miaka 45.

Nisomapo kisa hicho huwaza vituo vyetu, ambako mtu huhojiwa kwa Kiswahili, au Kigiriama, au Kibajuni, na maelezo yakaandikwa kwa Kiingereza, naye akaweka kidole. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo asipoielewa lugha ya mahakama. Haki ipo. Anayeweza kuonesha kitaalamu kwamba tafsiri fulani ilibadili maana ni mtu wa fani yako.

Na mfano ulio karibu zaidi na wewe uko Kizingitini. Wabajuni wako pande zote mbili za mpaka: kwetu Faza, Ndau, Kizingitini na Kiunga, na ng'ambo visiwani Chula, Koyama hadi Kismayu. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991 wengi walikimbilia Kenya, na baadhi yao wakafika Ulaya kuomba hifadhi. Ikawa afisa wa uhamiaji anataka kujua: huyu ni Mbajuni wa Somalia au wa Kenya? Hati hana, kwa hiyo wakapima ulimi wake. Alihojiwa kwa simu, sauti ikarekodiwa, kampuni ikatoa ripoti kwamba usemi wake ni wa Kenya, na kwa ripoti hiyo mtu aweza kurudishwa.

Fikiria kila kilichomo ndani ya hukumu hiyo. Mhojaji mara nyingi anasema Kiswahili sanifu. Mbajuni mbele ya mwenye Kiswahili sanifu hufanya kama wewe ufanyavyo ukienda Nairobi: huficha lahaja yake, kwa heshima na kwa kutaka kueleweka. Kisha aliishi Mombasa miaka mingapi kabla ya kufika huko? Alilelewa na nani? Sauti yake inaweza kueleza alikolelewa na aliowahi kukaa nao. Uraia wake haiwezi kuueleza, kwa sababu mpaka ule ulichorwa juu ya watu waliokuwa wakisema lugha moja tayari. Mwaka 2004 kundi la wanaisimu wa kimataifa lilitoa mwongozo wenye msimamo huohuo: kwamba uchambuzi wa namna hii ufanywe na wenye ujuzi wa isimu, na kwamba lugha isichukuliwe kuwa sawa na uraia. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza nayo, katika kesi za waombaji wa Somalia, iliweka mipaka kwa wanaoandika ripoti hizi, kwamba wasivuke ujuzi wao wa lugha na kuanza kuamua kama mtu anasema kweli.

Nimekaa hapa kwa sababu moyo wangu uko hapa. Wataalamu wanaokijua Kibajuni kwa undani ni wachache mno duniani, na wewe unapanda mashua kwenda kwa wenyewe kila wiki.

Katika historia nitapita haraka, ingawa ni fani iliyofaidi isimu kuliko zote pwani hii. Zamani waliandika kwamba miji yetu ilikuwa makoloni ya Waarabu na Waajemi tu. Wanaisimu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kazi yao kubwa ya mwaka 1993, walilinganisha sauti na sarufi wakaonesha Kiswahili kilipokaa: ni ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro, ukoo unaoitwa Sabaki, jina la mto unaoingia baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Wachimbaji wa magofu ya Shanga, kisiwani Pate, nao walikuta mji uliokua kutoka makazi ya wenyeji tangu karne ya 8. Kisha mwaka 2023 ukatoka utafiti wa vinasaba vya makaburi ya kale, yakiwemo ya Manda na Faza: upande wa kina mama ulikuwa wa Kiafrika kwa wingi, na upande wa baba ulikuwa na Waajemi wengi, mchanganyiko ulioanza yapata mwaka 1000. Lugha ina bandari na nahodha kutoka Kiajemi, lakini kwa maneno hayo peke yake usingekisia wababa wengi kiasi hicho. Na vinasaba navyo visingekuambia watoto wale walibembelezwa kwa lugha gani. Walibembelezwa kwa lugha ya mama zao. Taaluma mbili zilihitajiana, na kila moja ilikiri mwisho wa uwezo wake.

Nalisisitiza hilo kwa sababu kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na wanaisimu hatujasalimika. Usiende kwa wenzako ukidai kwamba kila kitu ni lugha. Bei ya nguru haipandi kwa sababu ya mofolojia, yaani maumbo ya maneno.

Kuhusu kompyuta nitasema machache. Mashine zinazosikiliza Kiswahili hufunzwa kwa sauti za watu, na zikilishwa Kiswahili sanifu pekee zitamwandikia mtu wa Amu "ndoo" ya kutekea maji alipomwita mwenzake aje. Mradi wa Common Voice wa Mozilla hupokea sauti za Kiswahili kutoka kwa yeyote. Changia kwa lahaja yako, na uwahimize wenzako.

Sasa uanzie wapi. Omba fomu iongezwe safu moja, ya neno lenyewe alilotamka mvuvi, lililoandikwa kama alivyolitamka, kabla ya tafsiri. Usilisanifishe; mimi nilisafisha nakala zangu zote nikidhani ninazipendezesha, na leo siwezi kujua nani alitoka Siu, kisiwani Pate, na nani ni wa hapa. Pembeni andika msemaji alizaliwa wapi na amekaa wapi. Ukipewa ruhusa ya kurekodi, kwa idhini aliyoielewa kwa lugha yake, hifadhi sauti. ELAN ni programu ya bure ya kunakili, Praat ni ya bure ya kuchunguza sauti. Zote mbili unaweza kujifunza kwa mwezi mmoja wa jioni. Kaa na yule wa baiolojia ufukoni samaki wanaposhushwa, akuoneshe anachokitazama kwenye pezi na taya, nawe umsomee mzee anavyomtofautisha samaki huyohuyo na nduguye. Mtagombana kidogo, na hapo ndipo penye makala ya kuandika pamoja. Jina lako liwe miongoni mwa waandishi, lisiwekwe kwenye shukrani. Liombe mapema, kwa adabu, kabla kazi haijaanza.

Shahada ya pili ya uvuvi usiende, si sasa. Muda huo jifunze takwimu, kwa sababu Coulthard asingeshinda kwa kusema "nahisi neno hili si la Bentley", alihesabu. Wenzako wanaelewa hesabu. Na neno la ukalimani lisikuumize. Mkalimani ndiye aliyekuwapo mvuvi aliposema, na wao hawakuwapo.

Mkuu wa mradi akikuuliza safu mpya ni ya nini, mfungulie fomu moja ya Kizingitini penye "saa kumi", kisha umuulize yeye chombo kiling'oa nanga wakati gani.